“Nimeshapoa”: Msiba unapoingia kikosini

NAMANYERE. Timu za mtaani za mji kama Namanyere hazina daftari la mahudhurio. Mwalimu anahesabu vichwa kwa macho wakati vijana wanafunga kamba za viatu, na akikosekana mtu anauliza mara moja tu. Yuko shamba? Kaenda Sumbawanga? Au kuna msiba?

Likitajwa hilo la tatu, mazoezi yanaishia hapo.

Vijana wanaondoka kama walivyo, huyu na jezi ya Simba, yule ya Yanga, wanakwenda kushika majembe. Huku Ufipa, kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi hii, kaburi linachimbwa na vijana wa mtaa, na vijana wa mtaa ndio haohao wa timu. Wanachimba, wanafunga turubai, wanabeba maji na kuni, usiku wanakesha na mfiwa kwenye moto. Na baridi ya uwanda wa juu, hasa mwezi wa sita na wa saba, si ya kuifanyia mzaha. Rambirambi inakusanywa, jina la kila aliyetoa linaandikwa, hata aliyetoa buku.

Ukiwauliza wataalamu wa mambo ya huzuni, watakwambia hapo timu imeshafanya nusu ya kazi bila kusoma kitabu chochote. Mfiwa hakuachwa peke yake, kalishwa, kasaidiwa kuzika. Shida inaanza siku turubai linapofunguliwa.

Siku ya nne au ya tano kijana anarudi uwanjani.

“Pole sana, kaka.”

“Asante, nimeshapoa.”

Mpira unawekwa kati, mchezo unaendelea. Hakuna atakayemuuliza tena, kwa sababu adabu yetu ndivyo ilivyo: ukishapewa pole ukajibu umepoa, basi umepoa.

Miezi miwili baadaye winga aliyekuwa akicheka na kila mtu anakula kadi nyekundu kwa kumsukuma mwamuzi. Au kipa anaanza kuchelewa mazoezi, kisha haji kabisa. Au beki wa kati aliyekuwa na sauti ya kupanga ukuta anacheza dakika 90 mdomo umefungwa. Kule jukwaani, yaani pale chini ya mti, hukumu inatoka haraka: dogo kashuka kiwango. Wengine wanaongeza pombe, wengine mwanamke, na hawakosekani wa kusema karogwa. Ni mara chache mtu kukumbuka kwamba dogo huyo alimzika baba yake juzi tu, kabla mahindi hayajavunwa.

SIKU 11 BAADA YA TANO BILA

Msiba hauchagui daraja. Mashabiki wa Simba hawajasahau Mei 6, 2012, siku Mnyama alipoichapa Yanga mabao 5-0 Uwanja wa Taifa. Emmanuel Okwi alifunga mawili, na mengine matatu yakaja kwa penalti: Juma Kaseja akiwa kipa, Felix Sunzu na kiungo Patrick Mafisango.

Alfajiri ya Mei 17, siku 11 tu baada ya sherehe ile, Mafisango alifariki kwa ajali ya gari jijini Dar es Salaam. Simba ilikuwa bingwa wa nchi. Wiki hiyohiyo timu ilikuwa imetoka kutolewa na Al Ahly Shendi ya Sudan kwenye Kombe la Shirikisho. Wachezaji wakatoka kwenye majonzi ya mpira na kuingia kwenye msiba wenyewe, wa mwenzao waliyekuwa wakikaa naye meza moja.

Desemba 4, 2016 ikawa mbaya zaidi, maana ilitokea mbele ya macho. Ismail Khalfan, kijana wa Mbao FC, alianguka na kufariki katika mechi ya vijana chini ya miaka 20 dhidi ya Mwadui kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Alikuwa ameshafunga bao siku hiyo. Waliokuwa uwanjani, wa pande zote mbili, walikuwa vijana wadogo. Siku chache baada ya jambo kama hilo gazeti linageuza ukurasa na ratiba inaendelea, lakini mtoto wa miaka 18 aliyeona mwenzake akianguka anabaki na ile picha kichwani.

Soka letu limekua. Klabu kubwa sasa zina kocha wa viungo, kocha wa makipa, mtu wa kuchambua video, daktari na mpishi. Mtu wa kukaa na mchezaji aliyefiwa? Hapo mambo yanaachiwa nahodha, kiongozi wa dini na Mungu. Tunacho kile kimya cha dakika moja kabla ya filimbi, ambacho mara nyingi hata sekunde 40 hakifiki kabla shabiki mmoja hajapuliza vuvuzela.

HATUA TANO ZISIZO ZA WAFIWA

Wengi waliowahi kusikia chochote kuhusu huzuni wamesikia habari ya hatua tano: kukataa, hasira, kubembelezana na Mungu, majonzi, kisha kukubali. Zinatajwa kwenye redio na kwenye semina kana kwamba ni ngazi, unapanda moja baada ya nyingine mpaka unafika juu.

Aliyeziandika ni daktari Elisabeth Kübler-Ross, kwenye kitabu chake cha 1969. Lakini watu aliozungumza nao hawakuwa wafiwa. Walikuwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri kifo chao wenyewe. Baadaye hatua zile zikahamishiwa kwa wafiwa, na mpaka leo kuna watu wanajiona wana kasoro kwa sababu wamefika “kukubali” halafu mwezi unaofuata wanalia upya.

Picha inayoeleweka zaidi kwa mtu wa mpira ilitolewa 1999 na watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut. Wao walisema mfiwa anaishi kwa kwenda na kurudi. Kuna saa anageukia msiba wenyewe: analia, anamkumbuka marehemu, anatazama picha kwenye simu. Kuna saa anageukia maisha yanayomdai: ada ya mdogo wake, mbolea, shamba la baba ambalo sasa ni lake, mechi ya Jumapili. Anayekwenda na kurudi ndiye anayepona. Anayekwama upande mmoja ndiye wa kuangaliwa.

Ni mpira uleule. Hakuna timu inayoshambulia dakika 90 bila kurudi nyuma, na hakuna inayopaki basi mechi nzima ikasalimika kila wiki. Kijana anayelia Ijumaa na kupiga hat-trick Jumapili hajamsahau baba yake. Na anayecheka mazoezini Jumatatu kisha Jumanne akashindwa kuamka si mwigizaji. Wote wawili wako sawa.

Waliofuatilia Ligi Kuu ya Uingereza kwenye vibanda umiza waliliona hili waziwazi. Diogo Jota wa Liverpool alifariki kwa ajali ya gari Hispania Julai 3, 2025, yeye na mdogo wake. Agosti 15, kwenye mechi ya kwanza ya msimu, Mohamed Salah alifunga bao la mwisho dhidi ya Bournemouth, na baada ya filimbi akasimama mbele ya mashabiki waliokuwa wakiimba wimbo wa Jota, machozi yakimtoka. Furaha na kilio ndani ya dakika chache. Miezi mitatu baadaye Andrew Robertson aliisaidia Scotland kufuzu Kombe la Dunia, na usiku ule wa sherehe akasema siku nzima Jota hakumtoka kichwani. Msiba una tabia hiyo, unakuja siku ya ushindi. Vijana wanaochukua kombe la mbuzi mtaani wanajua: unanyanyua kikombe, halafu unatafuta kwenye umati mtu ambaye angekuja kukuangalia.

MOSHI WALIJARIBU

Tanzania tuna jambo la kujivunia kwenye uwanja huu, ingawa wapenda michezo wachache wanalijua. Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, ndiko kulikofanyika moja ya tafiti kubwa barani Afrika kuhusu kuwasaidia watoto waliofiwa na wazazi. Walishiriki watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, wa mjini na wa vijijini. Ndio umri wa yosso.

Jambo la kushangaza ni waliotoa tiba. Hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Watoto walikutana kwa makundi mara 12, wiki kwa wiki, na walezi wao wakawa na kundi lao. Walifundishwa kutuliza pumzi, kuzipa hisia majina, kutofautisha wazo la kweli na lile la kujilaumu. Katikati ya yote kulikuwa na vikao vichache vya mtoto peke yake na mshauri, ambapo alisimulia kifo kilivyotokea, kidogokidogo, mpaka kikawa kitu anachoweza kukisema bila kuzama.

Hapo ndipo penye uzito. Watu wazima wengi wanaamini mtoto asiambiwe, asiulizwe, atasahau. Hasahau. Anajaza mwenyewe yale asiyoambiwa, na mara nyingi anajiweka yeye ndani ya kosa: nilichelewa kuleta maji, nilimkasirisha, ndiyo maana akafa.

Matokeo yalichapishwa 2020. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto waliopata tiba hiyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida, tiba ilipomalizika. Mwaka mmoja baadaye tofauti ile ilibaki Kenya, lakini kwa upande wa Tanzania watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamefikia nafuu inayolingana. Kwa hiyo si dawa ya miujiza. Ila imethibitika kwamba kazi hii inaweza kufanywa vizuri na mtu asiye daktari, akifundishwa na akiwa na wa kumsimamia. Mwalimu wa yosso anayeonana na watoto hao mara tatu kwa wiki asome hapo mara mbili.

Asijifanye tabibu lakini. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2013, lilisema wazi kwamba si kila mfiwa apelekwe kwenye tiba maalumu ya kisaikolojia, na vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi visitolewe kama dawa ya msiba. Wengi wanapona kwa muda, kwa watu na kwa kazi za mikono.

Wapo wachache ambao hawatoki. Miezi sita imepita na zaidi, bado mtu anamtamani marehemu kila siku kwa uchungu uleule, hawezi kazi, hawezi kupita njia ile, haoni sababu ya kuamka. Hali hiyo sasa imo kwenye orodha ya magonjwa ya shirika hilo iliyoanza kutumika 2022, na ina tiba yake ya mazungumzo: kusimulia, kurudi taratibu mahali unapopakwepa, kuanza tena kupanga kesho. Kama mtu wa namna hiyo anasema afadhali na yeye angekufa, hapo si suala la timu tena. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo na mtu wa kumsindikiza. Ngazi ya wilaya kuna hospitali, na halmashauri zina maofisa ustawi wa jamii ambao wengi wetu tunawakumbuka kwenye kesi za matunzo ya watoto tu.

MAJIRANI ZETU WA KUSINI

Rukwa inapakana na Zambia, na watu wazima wa pande hizi hawahitaji kuelezwa sana kuhusu Aprili 27, 1993. Ndege ya jeshi iliyokuwa imebeba timu ya taifa ya Zambia kwenda Senegal kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Kocha Godfrey Chitalu alikuwemo. Walizikwa pamoja jirani na Uwanja wa Independence, Lusaka.

Nahodha Kalusha Bwalya hakuwemo. Alikuwa Ulaya na PSV Eindhoven, akitarajiwa kuungana na wenzake Senegal.

Wangesema basi, mwaka huu hatuchezi, nani angewalaumu? Walikusanya vijana wapya wakacheza. Julai 4, mwaka uleule, waliifunga Morocco 2-1 Lusaka, Kalusha akiwa miongoni mwa wafungaji, hatua chache kutoka yalipo makaburi ya wenzake. Kombe la Dunia walilikosa kwa kufungwa 1-0 Morocco. Aprili 1994, hata mwaka haujatimia tangu ajali, walikuwa kwenye fainali ya Afrika kule Tunisia. Nigeria ikawafunga 2-1.

Hadithi ikisimuliwa haraka inaonekana kama walijikaza tu, mambo yakaenda. Sivyo. Miaka 19 baadaye, Februari 2012, Zambia iliingia tena fainali, na fainali ikapangwa Libreville. Kabla ya mechi wachezaji, wengi wao watoto wadogo wakati wa ajali, walipelekwa ufukweni kuweka maua baharini. Kalusha alikuwepo, safari hii akiwa rais wa chama cha soka. Hakuna aliyewaambia vijana wasifikirie mambo ya zamani wasije wakapoteza umakini. Walipelekwa kabisa mahali penyewe.

Februari 12 walicheza na Ivory Coast ya Didier Drogba, suluhu mpaka mwisho, wakashinda penalti 8-7. Beki Joseph Musonda aliumia mapema akatolewa akilia. Mechi ilipoisha kocha Hervé Renard alimbeba mikononi akampeleka kwenye shangwe za wenzake. Penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu. Ndiyo, ndugu yake Felix, yule wa Simba, aliyefunga pamoja na Mafisango kwenye zile tano. Miezi mitatu tu kati ya furaha ya Libreville na msiba wa Dar es Salaam.

Zamani wataalamu wengi walihimiza mfiwa amwachie marehemu aende, akate kamba. Tangu miaka ya 1990 wengi wamebadilika: uhusiano na marehemu haukatwi, unabadilika sura. Mtu wa Ufipa anayetaja jina la babu yake kwa mjukuu hakuhitaji kungoja utafiti huo. Zambia nao waliendelea kucheza na marehemu wao wakiwa ndani ya hadithi ya timu.

JEZI YENYE JINA

Uingereza kuna timu zinazoitwa Sands United. Ya kwanza ilianza Northampton 2018, na sasa zipo nyingi. Wanaocheza ni kina baba waliofiwa na watoto wachanga, au ambao watoto wao walizaliwa wakiwa wamekufa, na majina ya watoto hao yamo kwenye jezi. Walioianzisha waliona jambo moja: wanaume hawa walikuwa hawaendi kukaa kwenye viti vya duara na kuambiwa waeleze wanavyojisikia. Lakini kwenye kufunga viatu, kwenye kungoja zamu benchi, kwenye gari wakirudi, maneno yanatoka yenyewe.

Baba wa Kitanzania aliyefiwa na kichanga anapewa pole ya mkewe. “Mwambie shemeji pole.” Yeye anabaki anapanga gharama na kuulizia usafiri.

Namanyere haihitaji kuagiza kitu hicho kutoka Northampton. Bonanza la kumkumbuka mchezaji au kiongozi aliyefariki ni jambo la kawaida nchini, na vijana wa timu tayari ndio wachimba kaburi. Kinachokosekana ni cha katikati, kati ya siku ya tano na bonanza la mwaka: mtu mmoja wa timu, anayejulikana, ambaye kazi yake ni kupita nyumbani kwa mfiwa wiki ya tatu, mwezi wa pili, mwezi wa sita. Tarehe za misiba kuandikwa pembeni ya daftari la michango. Mwalimu kutomwondoa dogo kikosini kwa kosa la kwanza, na kutomlazimisha kucheza ili “asahau”. Klabu ya mtaani haiwezi kulipa mshauri nasaha, lakini haya hayagharimu hata bei ya mpira.

Lingine ni lugha. “Jikaze, wewe mwanaume” inafunga mdomo. “Kazi ya Mungu haina makosa” ni imani na iheshimiwe, ila ikisemwa haraka sana nayo inafunga mdomo. “Nipigie ukiwa na shida” hakuna anayepiga.

Wanaofanya kazi hii wanapendelea swali dogo kuhusu marehemu mwenyewe, likiulizwa wakati mikono ina kazi: mnakunja nyavu, mnapuliza mpira, mnatembea kurudi nyumbani giza likiingia.

“Hivi mzee alikuwa timu gani?”

“Yanga. Yanga damu. Siku Prisons walipoifunga Simba moja bila pale Nelson Mandela, Sumbawanga, mwaka 2020, alinipigia simu akicheka tu, haongei…”

Kwa jibu kama hilo, huyo anayetembea naye asiharakishe kufika.